UZI: "PCR ya mfupa" – kabla hujalipa, uliza nini kinaingia kwenye mashine

TeknoLabo_Himbi (Goma):

Wakubwa na wadogo, salamu. Ebola ya 2018–2020, kisha Covid, kisha Mpox: leo hakuna mtu Goma asiyejua PCR ni nini, hata muuza makala pale Birere. Ni jambo zuri. Ila siku hizi watu wanakuja kwenye dirisha la labo na mgonjwa ambaye mfupa wake unatoa usaha, na la kwanza wanalosema ni "Docta, mupime PCR, tumechoka na dawa." Wengine wametumwa na muganga, wengine na jirani. Nafungua uzi huu kwa sababu naona pesa za watu zinaliwa bure, na wakati huohuo kuna kipimo kizuri kipo hapahapa mjini na hakiombwi.

Nianze na msingi. Njia ya siku zote ni kuotesha, kultiri: unachukua usaha au kipande cha mfupa, unakiweka kwenye chakula cha bakteria, unasubiri siku kadhaa. Akiota, unamjua jina, kisha unamjaribu na dawa mojamoja, ndiyo antibiogramu. PCR, kipimo cha molekuli, haisubiri aote. Inatafuta DNA yake na kuizidisha mara mamilioni mpaka ionekane. Kwa hiyo bakteria aliyekwisha kupigwa na dawa akabaki nusu mzima, au yule mgumu wa kuota, bado anaweza kukamatwa.

Kwetu hiyo ni faida kubwa, kwa sababu mgonjwa wa mfupa hafiki labo akiwa hajagusa dawa. Ameshapita farmasi ya mtaani, amekunywa amoksisilini, amekunywa siprofloksasini, infirmie wa jirani amemchoma seftriaksoni. Unaotesha usaha wake, sahani inabaki tupu, familia inaambiwa "hakuna microbe", na mguu unaendelea kuoza.

Sasa ugumu uko hapa. Mashine haijui sampuli imetoka wapi. Tundu la usaha lililokaa wazi miezi mingi, mdomo wake umejaa bakteria wa ngozi, wa shuka, wa vidole vya anayefunga kidonda, na wengi wao hawahusiki kabisa na kinachoendelea ndani ya mfupa. Ukipitisha kijiti cha pamba hapo mdomoni na kuniletea, nitakupa majina. Majina sahihi kabisa ya watu wasio na kosa. Kadiri kipimo kinavyokuwa kikali ndivyo kinavyokupotosha kwa uhakika zaidi.

Sampuli ya mfupa ni kipande cha mfupa wenyewe au nyama iliyoshikamana nao, kimetolewa na daktari wa upasuaji. Ya kiungo ni majimaji yaliyovutwa kwa sindano kupitia ngozi iliyosafishwa. Hizo nyingine ni za kumfurahisha mwenye labo.

Halafu formoli. Jamani, formoli! Chupa inafika, kipande cha mfupa kinaelea ndani, harufu inakuchoma macho kabla hujafungua kifuniko, na kwenye bon (karatasi ya kuomba kipimo) wameandika "kultiri + PCR". Formoli ni ya yule anayetazama tishu kwa hadubini. Inaua bakteria, basi hakuna cha kuotesha. Inaikatakata DNA, basi PCR nayo inayumba. Na mfupa ukiloweshwa asidi ili ulainike kwa kukatwa, ndiyo umemaliza kabisa. Gawanyeni kipande pale pale chumba cha upasuaji: nusu formoli kama mnataka, nusu chupa tasa na matone machache ya serum (maji tasa ya chumvi) ili kisikauke.

Majimaji ya kiungo yanayokwenda PCR: tyubu yenye kofia ya zambarau, siyo ya kijani. Ya kijani ina heparini, na heparini inaizuia enzaimu ya PCR kufanya kazi. Damu nyingi nayo inasumbua. Unapata jibu hasi, mtu anarudi nyumbani na goti lake lililojaa usaha.

Ulizeni, nipo.

---

MamaBaraka_Majengo (Goma):

Aksanti yaya kwa maelezo. Miye niko na mutoto wa miaka 9. Alianguka akicheza mpira kwa mawe ya volkano, mguu haukuvunjika, lakini kisha siku chache homa ikapanda na paja likavimba. Walimuchoma masindano, ikapoa. Kisha ikapasuka. Sasa inatoa usaha, inafunga, inafunguka tena. Kwa hospitali moja walituambia tupeleke usaha Kigali kwa PCR, na bei yenye walitutajia ni ya kuuza kitanda. Nitafute hiyo pesa ama niache?

---

DrMifupa_Ibanda (Bukavu):

Mama Baraka, pole sana. Usiuze kitanda.

Swali langu la kwanza si la labo. Amepigwa radio (picha ya eksirei) lini mara ya mwisho? Mfupa ukishambuliwa muda mrefu, kipande chake kinakufa. Kipande hicho hakipitiwi na damu, na dawa inasafiri kwa damu. Bakteria wanajificha humo, sindano zinawapita mbali, na ukiacha dawa wanatoka tena. Huo mtindo wa kufunga na kufunguka ulioueleza ni wa mfupa uliokufa mpaka itakapothibitishwa vingine. Utaonekana kwenye radio, mweupe, umejitenga na mfupa hai. Ukiwepo, hakuna PCR ya Kigali wala ya Paris itakayoutoa. Unatolewa kwa kisu.

Siku ya kuutoa ndiyo siku ya sampuli. Pale mfupa uko wazi mbele yangu, nachukua vipande kutoka sehemu tofauti, kila kipande kwa kifaa chake kisafi, kila kipande chupa yake. Mwongozo wa Wamarekani wa 2013 kuhusu viungo vya bandia unasema angalau sampuli 3, bora 5 au 6, na mgonjwa aachishwe antibiotiki angalau wiki mbili kabla, kama hali inaruhusu. Bakteria yuleyule akijitokeza kwenye vipande viwili au zaidi, ni yeye. Akijitokeza kwenye kimoja tu, hasa akiwa wa ngozi, namtilia shaka. Huyo wa Baraka si wa kiungo bandia, lakini akili ni ileile.

Na kwa mtoto wa umri huo, anayeshukiwa kwanza ni *Staphylococcus aureus*. Anaota bila taabu kwenye labo yoyote yenye kujiheshimu. Kultiri ya dola chache ya sampuli nzuri itakusaidia kuliko PCR ya bei mbaya ya usaha wa juu.

Teknolabo, umeandika vizuri, lakini nikuchokoze kidogo. PCR inanipa jina. Jina peke yake nifanye nalo nini? Mimi nataka kujua dawa gani inaua. Antibiogramu inatoka kwa bakteria aliye hai, aliyeota.

---

TeknoLabo_Himbi:

Docta, heshima yako. Kuhusu Mama Baraka sina cha kupinga. Mama, radio kwanza, halafu mtafute daktari wa mifupa, na karatasi zote za dawa alizokunywa mzibebe.

Kuhusu uchokozi wako: ni kweli nusu. PCR haisomi dawa zote, lakini inaweza kusoma jeni za usugu. Kwa *Staphylococcus aureus* inaangalia mecA. Ikiwepo, kloksasilini na ndugu zake wote hawana kazi, na umejua siku ileile badala ya kumchoma mtoto sindano zisizo na maana mpaka sahani iote. Kuna katriji ya GeneXpert, mashine ndogo ya PCR, inayofanya hivyo. Ilitengenezwa kwa vidonda vya ngozi na damu, na Wafaransa waliijaribu kwenye sampuli za mifupa na viungo ikafanya vizuri. Ila haiwezi kukuambia kuhusu klindamisini, wala kotrimoksazoli. Kwa hiyo sisemi uache kuotesha. Nasema kipande kimoja kiende kuoteshwa, kingine kihifadhiwe kwenye baridi. Kultiri ikitoka tupu na mgonjwa bado anaumwa, hapo ndipo tunakitoa kile cha pili.

Sasa nifike kwenye kile nilichosema kipo mjini na hakiombwi: TB ya mfupa.

Mgongo unaouma miezi, mtoto anaanza kutoa kibyongo, au goti moja limevimba polepole bila moto mwingi, mtu anapungua uzito. Percivall Pott aliandika kuhusu kibyongo hiki 1779, na bado leo mgonjwa anaweza kutibiwa "rheumatisme" mwaka mzima kabla ya mtu kufikiria TB. Sababu moja ni kwamba bakteria wa TB mfupani ni wachache mno. Hadubini inahitaji kama 10,000 kwa mililita ndiyo uwaone. Kuwaotesha kunachukua wiki nyingi. GeneXpert ya kwanza ilikuwa inashika kama 131 kwa mililita ya makohozi. Ile mpya, Ultra, inashuka mpaka karibu 16, kwa sababu inawinda vipande viwili vya DNA ambavyo bakteria huyo anavirudia mara nyingi mwilini mwake. Shirika la Afya Duniani liliikubali Xpert Desemba 2010, Ultra 2017, na majimaji ya kiungo yamo kwenye orodha yao ya sampuli za nje ya mapafu.

Na mashine hizo zipo. Mnazijua, ndizo zilizopima Ebola huku kwetu. Zinazofanya kazi ya TB zimenunuliwa tayari kwa ajili ya TB. Septemba 2023 bei ya katriji ya Ultra ilishushwa kutoka dola 9.98 hadi 7.97 kwa nchi kama yetu. Kwa hiyo kabla hujatafuta dola za Kigali, uliza kituo cha TB kilicho karibu nawe.

Namna tunavyofanya, kwa wanaopenda kujua: kipande cha nyama ya ndani au cha mfupa laini kinakatwakatwa, kinasagwa kwenye kinu tasa na maji kidogo yenye chumvi, kinachanganywa na ile dawa ya Xpert inayonuka, kinatikiswa, kinaachwa dakika 15, halafu mililita 2 zinaingia kwenye katriji. Mfupa mgumu kama jiwe hausagiki, ndiyo maana tunaomba nyama iliyoushika au usaha wa ndani. Baada ya hapo ni chini ya saa mbili. Unajua kama ni TB, na unajua kama inasikia rifampisini. Kwa mtoto mwenye TB ya mfupa mwongozo wa WHO unataka dawa miezi 12, huwezi kumwanzishia mwaka mzima wa vidonge kwa kubahatisha.

Wakati mwingine Ultra inaandika "trace", maana yake imeona alama ndogo sana. Kwa mapafu ya mtu aliyewahi kutibiwa TB hilo linabishaniwa. Kwa sampuli ya mfupa, lihesabiwe ni TB, ila rifampisini hapo haisomeki.

Hasi haimtoi mtu kwenye TB. Kama radio na mwili vinasema TB, rudieni sampuli.

---

Motari_wa_Ndosho (Goma):

Mukubwa, miye nilianguka barabara ya Sake, mfupa ukatoka nje, wakaniwekea plaki na maskrubu. Mwaka wa pili huu, juu ya plaki kuna kitundu, maji yanatoka asubuhi, jioni pakavu. Nimekunywa dawa mpaka tumbo limekataa. Na swali: nikimaliza dawa, PCR inaweza kunipa karatasi kwamba nimepona?

Halafu mashine ya maelfu ya dola inashindwa na tyubu ya kijani? Kweli teknolojia.

---

TeknoLabo_Himbi:

😂 Ndiyo hivyo, Motari. Inashindwa na kofia ya kijani.

Karatasi ya kupona, hapana. DNA ya bakteria aliyekufa inabaki mwilini muda, mashine inaisoma na kusema "yupo". Ndiyo maana hata mgonjwa wa TB anayemaliza dawa hatumfuatilii kwa GeneXpert. Kupona mfupa kunaonekana kwa mguu wenyewe, kwa radio, kwa CRP (kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi) inayoshuka, na kwa kitundu kinachofunga na kubaki kimefungwa.

Ya plaki namwachia docta.

---

DrMifupa_Ibanda:

Motari, bakteria kwenye chuma wanatengeneza utando, wanagandia kama bugali uliokauka chini ya sufuria. Wakiwa humo hawakui haraka, hawaogelei kwenye majimaji, na dawa haiwafiki vizuri. Ndiyo sababu ukivuta maji ya juu unapata sifuri na chuma kimejaa. Mfupa wako ukiwa umeshaunga, kawaida tunatoa plaki. Haujaunga, hesabu inakuwa nyingine, lazima mtu akuone.

Huko kwenye vifaa, plaki iliyotolewa haitupwi: inawekwa kwenye chombo cha maji tasa na kutikiswa kwa mawimbi ya sauti ili utando ubanduke, maji yale ndiyo yanaoteshwa au kupelekwa PCR. Watafiti wa Mayo Clinic walichapisha 2007 kuhusu magoti na nyonga za bandia: kuotesha nyama ya pembeni kulikamata 60.8% ya maambukizi, kuotesha maji ya kutikisa kulikamata 78.5%. Na kwa waliokuwa wamekunywa antibiotiki ndani ya wiki mbili kabla ya upasuaji, tofauti ilikuwa kubwa zaidi, 45% dhidi ya 75%. Angalia vizuri, hapo hakuna PCR hata moja. Ni sampuli tu imechukuliwa kwa akili.

Basi mimi narudi palepale: wekezeni kwenye sampuli.

---

Diaspo_Liège:

Bandugu, nafuatilia kutoka Ubelgiji, mimi ni infirmière. Niseme kidogo upande wa pili. Kuna paneli ya viungo, BioFire, Marekani waliiruhusu 2022. Unaweka kama mililita 0.2 ya majimaji ya goti, baada ya saa moja hivi inakupa majibu ya vijidudu 31 na alama 8 za usugu. Mtu anaingia dharura usiku na goti limewaka, kabla kultiri haijaanza hata kuota daktari anajua kama ni streptokoki, ni staph, ama ni kisonono. Ndiyo, kisonono kinaingia kwenye viungo, na kijana hasemi. Mimi naona tusiishie kusema "kultiri, kultiri" kwa sababu tumezoea umaskini.

---

TeknoLabo_Himbi:

Dada, hilo la mwisho limeingia, nalikubali. Ila soma orodha yenyewe ya hao 31. *Staphylococcus epidermidis* hayumo, na ndiye mpenzi mkubwa wa vyuma na viungo bandia. *Cutibacterium acnes* wa mabegani hayumo. TB haimo. Brusela haimo, na huku kwetu watu wanakunywa maziwa ya Masisi bila kuchemsha, brusela inapenda mgongo na nyonga. Kwa hiyo paneli ikisema hasi, imesema hasi ya hao 31, siyo ya kiungo kizima. Kwa goti la ghafla la mtu asiye na chuma, ni kifaa kizuri mno. Ningekipokea kesho.

Kuhusu brusela niongeze neno kwa wenzangu wa labo: huyo ni mmoja wa bakteria wanaoambukiza sana watu wa labo kwenye sahani. Daktari akimshuku aandike kwenye bon. Hapo PCR ina faida nyingine: inapunguza kumfuga.

---

L2_ISTM (Goma):

Mwalimu, sisi darasani tulifundishwa 16S, kwamba inakamata bakteria yeyote bila kujua jina kwanza. Kwa nini isitumike hiyo kwa wote na kumaliza mjadala?

---

TeknoLabo_Himbi:

Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo.

Kila bakteria ana jeni inayoitwa 16S, herufi kama 1,500. Ndani yake kuna sehemu ambazo karibu bakteria wote wanafanana, na katikati ya hizo kuna sehemu ambazo kila spishi ina zake. Carl Woese na mwenzake walitumia RNA ya aina hiyo 1977 kupanga upya ukoo wa viumbe. Kwenye maambukizi tunashika zile sehemu zinazofanana kwa PCR, tunazidisha kilicho katikati, halafu tunasoma herufi na kulinganisha na hazina ya majina. Hujui unamtafuta nani, na bado unampata. Kwa mgonjwa aliyekunywa dawa zote za farmasi na kultiri yake ni tupu, hii ndiyo inayookoa.

Matatizo yake sasa. Kwanza, inamkamata yeyote, na "yeyote" ni pamoja na aliyeko kwenye glavu yako, kwenye maji ya labo, hata kwenye kemikali za PCR zilizotoka kiwandani, maana enzaimu yenyewe mara nyingi imetengenezwa ndani ya bakteria. Bila kuendesha tyubu tupu sambamba na ya mgonjwa, jibu la 16S ni uvumi. Pili, kwa sababu hiyo inalazimika kuwekewa kizingiti, hivyo mara nyingi PCR inayolenga bakteria mmoja ni kali kuliko 16S. Bakteria wakiwa wachache, 16S inaweza kusema hakuna wakati PCR ya staph peke yake inamwona. Tatu, bakteria wawili au watatu wakiwa pamoja, kama kwenye mguu wa risasi au wa mwenye sukari, usomaji wa kawaida wa herufi unatoka umechanganyika, hausomeki. Mashine mpya za kusoma vipande vingi kwa wakati mmoja zinaweza kuwatenganisha. Usomaji wa vinasaba tunao nchini, ulifanyika wakati wa Ebola. Nne, haikuambii lolote kuhusu dawa.

Tangu uwanja wa ndege wetu ufungwe Januari 2025, kutuma sampuli Kinshasa ni kuzunguka nchi za watu. Kwa hiyo 16S kwa sasa ni ya kesi chache zilizochaguliwa, siyo ya kila usaha.

Kuna wengine PCR ndiyo njia yao rasmi. Kidonda cha Buruli, kile cha Songololo kule Kongo-Central, kinaweza kuingia mpaka mfupani, na kinathibitishwa kwa PCR ya IS2404, kipande cha DNA ya bakteria wake. Huko hakuna anayebishana.

---

DrMifupa_Ibanda:

Na *Kingella kingae*, usimsahau. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 4 hivi, anachechemea au hataki kusimama, homa kidogo au hakuna, vipimo vya damu karibu vya kawaida. Kwa miaka mingi watoto hawa waliandikiwa "kultiri hasi". Wenzetu wa Israeli mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kuingiza majimaji ya kiungo moja kwa moja kwenye chupa ya hemokultiri (ile ya kuotesha damu) badala ya kuyapaka kwenye sahani, na ghafla huyu bakteria akaanza kuonekana. PCR ilipokuja, ikawa wazi kwamba katika nchi kadhaa ndiye wa kwanza kwa watoto wa umri huo.

Chupa ya hemokultiri inapatikana Bukavu, inapatikana Goma. Ukivuta majimaji ya kiungo cha mtoto, weka kiasi kwenye chupa hiyo palepale kitandani, kabla sindano haijaondoka mkononi. Kinachobaki kiende kuhesabiwa seli, kupakwa rangi ya Gram, na tyubu ya zambarau kwenye friji.

---

Motari_wa_Ndosho:

Docta, na masindano haya ya antibiotiki ya wiki sita wanayotuandikia sisi wa mfupa? Kitanda, kateta, kila siku dola.

---

DrMifupa_Ibanda:

Kuna utafiti wa Uingereza, OVIVA, 2019, wagonjwa 1,054 wa mifupa na viungo: vidonge havikushindwa na sindano katika zile wiki sita za kwanza. Walioshindwa na matibabu ni 13.2% upande wa vidonge na 14.6% upande wa sindano. Lakini wale walichaguliwa vidonge na wataalamu, wengi wao bakteria akiwa anajulikana. Siyo ruhusa ya kwenda farmasi. Leta plaki yako ionekane kwanza.

---

MamaBaraka_Majengo:

Docta, nimepata radio ya zamani, ya mwaka jana. Iko na kitu cheupe ndani ya mfupa kweli. Tunaenda kupiga nyingine kesho. Nimuachishe dawa sasa ama ningojee?

---

DrMifupa_Ibanda:

Usimwachishe wewe mwenyewe. Akiwa na homa anaendelea na dawa na anaonwa haraka. Akiwa anacheza, anakula, hana homa, daktari atakayempasua ndiye atakayesema siku ya kuacha. Mwambie tu mapema: "Nataka vipande vioteshwe, na kimoja kiende GeneXpert." Amwandikie kwenye bon, asimwambie infirmie kwa mdomo.

---

BabaSS_Katuba (Lubumbashi):

Bakubwa wa Kivu, tunawasoma huku Lubumbashi. Mtoto wangu ni SS (ana selimundu), miaka 5. Mkono umevimba juu ya kifundo, joto 39, analia ukigusa. Kila mara wanatuambia ni krizi (maumivu ya SS), wanampa serum na dawa ya maumivu, inaisha. Safari hii ni siku ya nne, haiishi. Nasikia SS wanapata Salmonella kwenye mfupa. Niombe PCR?

---

TeknoLabo_Himbi:

Baba, umesikia sawa. Krizi inaziba mishipa midogo ya mfupa, kipande kinakosa damu, na Salmonella inayotoka tumboni inapata mahali pa kukaa. Krizi na maambukizi vinafanana sana mwanzoni, hata kwa radio, maana siku za kwanza radio haioneshi kitu. Lakini kwa mtoto huyu PCR siyo ya kwanza. Ya kwanza ni hemokultiri, damu ichukuliwe kabla ya antibiotiki, leo. Salmonella na staph wote wanaota vizuri kwenye chupa hiyo, na utapata antibiogramu, ambayo kwa Salmonella unaihitaji kuliko jina, kwa sababu usugu wake siku hizi ni mkubwa.

---

DrMifupa_Ibanda:

Baba, usingoje uzi huu. Homa ya 39 siku nne kwa mtoto SS ni hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Waambie hivi: hemokultiri, CRP, ekografia (ultrasaundi) ya mkono kuona kama kuna usaha juu ya mfupa. Usaha ukiwepo unavutwa leo, unagawanywa kama tulivyoeleza hapo juu, na antibiotiki inaanza mara baada ya sampuli, haisubiri jibu la kipimo chochote. Kiungo kikiwa kimejaa usaha kinaoshwa siku hiyohiyo. Hemokultiri ikikataliwa kwa sababu chupa hakuna, dawa ianze hivyohivyo, na mtafute chupa kwingine ya kuwekea usaha.

---

BabaSS_Katuba:

Tunatoka sasa. Mama yake amebeba kadi ya SS na karatasi ya dawa. Nitawaambia chupa kwanza, kisha sindano.